Safari ya kwanza ya Ulaya kwa ndege: maandalizi tangu pasipoti hadi kuchukua mzigo

Wengi huamini kwamba viza ikishapatikana, safari imekamilika. Bado. Mwenye neno la mwisho kabla hujaondoka Dar es Salaam ni mfanyakazi wa kaunta ya shirika la ndege. Abiria akifikishwa nchi ambayo hana ruhusa ya kuingia, shirika lililombeba hutozwa faini na hubeba gharama ya kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana pale kaunta hawapuuzi kitu: wanalinganisha jina la kwenye tiketi na la kwenye pasipoti, wanahesabu siku za viza, wanauliza tiketi ya kurudi, wanaangalia nchi unayopitia. Hatua zote zilizo hapa zinakuandaa kwa dakika hizo chache.

Mfano wetu ni msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania anayekwenda kumtembelea ndugu katika nchi mojawapo ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) kwa wiki tatu, akibadilisha ndege Doha, Addis Ababa au Istanbul. Anayetokea Nairobi, Entebbe au Bujumbura atakuta mengi ni yale yale.

Miezi minne kabla: pasipoti

Itoe kabatini leo, usisubiri wiki ya safari. Tazama tarehe ya kuisha. Schengen wanataka pasipoti iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi nyingi nyingine zinataka miezi 6. Wewe hesabu 6, utakuwa salama kote. Kisha hesabu kurasa tupu: zinatakiwa zisipungue 2. Mwisho kagua ukurasa wa picha. Pasipoti iliyolowa, iliyochanika pembeni au iliyoanza kuachia gamba inaweza kukataliwa kaunta hata kama tarehe zake ni nzima, kwa sababu mashine haiisomi na afisa wa kule anaweza kuidhania imechezewa.

Kama unahitaji mpya, fomu hujazwa kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni ya lazima. Kinachochelewesha watu ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile. Ukigundua tofauti, shughulikia kiapo au marekebisho kabla ya kulipia chochote. Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, si kwa simu ya mtu aliyekuahidi kukuharakishia.

Miezi mitatu kabla: viza

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingia kwanza. Kuomba kwa nchi nyingine kwa sababu tu miadi yao inapatikana haraka ni njia ya kukataliwa, kwani ratiba yako ya safari itakusuta.

Ombi linapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike siku 45. Ongeza muda wa kusubiri miadi yenyewe, hasa kuelekea Juni na Desemba, utaona kwa nini tunasema miezi mitatu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Ukikataliwa, fedha hazirudi.

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na ijumuishe matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Tarehe za bima zifunike siku zako zote, na ongeza siku kadhaa mbele na nyuma. Bima inayoishia siku ile ile unayoondoka haikusaidii ndege ikiahirishwa.

Kwenye taarifa ya akaunti ya benki, wanachotafuta ni mwenendo: mshahara unaingia, matumizi yanatoka, salio linabaki. Akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi yote, halafu ikapokea milioni kumi wiki moja kabla ya ombi, inazua maswali kuliko akaunti yenye milioni tatu za kawaida. Kama fedha hizo ni halali, mathalani umeuza kiwanja au umevunja kibubu cha kikoba, ambatisha mkataba wa mauzo au barua ya kikundi. Mwenye biashara aweke leseni na namba ya mlipa kodi. Mwajiriwa aweke barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, iwepo barua ya ridhaa ya mzazi mwingine pamoja na cheti cha kuzaliwa, na nakala zake zisafiri naye.

Usinunue tiketi isiyorudishika kabla ya viza. Kinachotakiwa kwenye ombi ni uthibitisho kwamba umeweka nafasi kwenye ndege.

Ukirudishiwa pasipoti, soma stika ya viza hapo hapo dirishani, na tulia hapa kidogo. Mstari mmoja una tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho. Mahali pengine pana idadi ya siku. Vitu hivi viwili ni tofauti. Viza inaweza kusomeka kuanzia 1 Juni hadi 6 Julai, jumla ya siku 36, huku sehemu ya siku za kukaa ikisema 21. Siku zako ni 21, siyo 36. Zile 15 za ziada ni nafasi tu ya kusogeza safari mbele au nyuma. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa. Kisha tazama idadi ya kuingia: 01 maana yake ukishatoka nje ya Schengen, hata kwa wikiendi moja London, huwezi kurudi ndani kwa viza hiyo. Uingereza na Ireland haziko Schengen. Herufi yoyote ya jina au tarakimu ya pasipoti ikikosewa kwenye stika, irudishe siku hiyo hiyo.

Tiketi: jina, njia na saa

*Jina.* Chini ya picha kwenye pasipoti kuna mistari miwili ya herufi kubwa na alama nyingi za <<<. Hayo ndiyo majina ambayo mashine inayasoma. Jina lililotangulia alama mbili << ni la ukoo, yanayofuata ni yako. Yanakili hivyo hivyo kwenye tiketi. Kwetu mtu huitwa jina lake, la baba na la babu, na wakala akisikia "Asha Juma Salim" kwa simu anaweza kuandika Juma kama jina la ukoo wakati pasipoti inasema Salim. Mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti badala ya kumtajia. Tiketi ikija imeandikwa SALIM/ASHAJUMAMRS usishtuke: mfumo huunganisha majina na kubandika MRS mwishoni. Ila SALUM badala ya SALIM ni kosa la kurekebishwa mapema. Mashirika mengi hurekebisha herufi chache, lakini kubadilisha jina zima huhesabiwa kama kumpa mtu mwingine tiketi, na hilo halikubaliwi.

*Njia.* Nunua safari nzima kwenye tiketi moja yenye namba moja ya nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita. Tiketi mbili tofauti zinaweza kuwa nafuu, lakini mara nyingi begi lako litaishia uwanja wa kati, utalazimika kupita uhamiaji wa nchi hiyo kulichukua, na huenda ukahitaji viza yao. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu nawe. Kwenye tiketi moja, wajibu wa kukufikisha ni wao. Kubadilisha ndege kusipungue saa mbili. Kupitia London kwa pasipoti ya Tanzania kunaweza kukudai viza ya kupitia hata kama hutoki nje ya uwanja, hivyo uliza shirika kabla ya kulipa, na uliza kwa kutaja uraia wako na viza uliyonayo.

*Saa.* Hapa ndipo Mswahili anapopoteza safari akiwa na kila kitu mkononi. Tiketi huandikwa kwa saa 24 na siku yao huanza usiku wa manane. Siku yetu katika mazungumzo hufuata jua. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka usiku mkubwa. Tiketi inayosema 15 JUN 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini, usiku wa *kuamkia* tarehe 15. Unatakiwa uwe umetoka nyumbani tarehe 14, kama saa tano usiku. Anayewaambia ndugu "naondoka usiku wa tarehe kumi na tano" atafika uwanjani akiwa amechelewa siku nzima, na tiketi yake, pamoja na ile ya kurudi, inaweza kuwa imefutwa yote. Shika kanuni hii: kuanzia 07:00 ondoa 6, na jibu likizidi 12 ondoa 12 tena, chini ya 07:00 ongeza 6. Kwa hiyo 16:45 ni saa kumi na dakika 45 jioni, 21:00 ni saa tatu usiku, na 00:35 ni saa sita na dakika 35 usiku. Andika kwenye karatasi "natoka nyumbani tarehe 14, saa tano usiku" na ubandike ukutani. Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika.

Wiki tatu kabla: chanjo na dawa

Nchi za Schengen kwa kawaida hazikudai chanjo ya homa ya manjano, lakini kadi ya njano ina kazi wakati wa kurudi. Tanzania huidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hizo. Ethiopia na Kenya zimo. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha, hata kama kadi yako ya zamani inaonyesha miaka 10.

Dawa zikae kwenye vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, na zote ziwe kwenye mzigo wa mkononi. Wenye kisukari wanaobeba insulini wasiiweke kabisa kwenye begi la chini, lile linalokaa tumboni mwa ndege, inaweza kuganda. Anayepitia Dubai au Abu Dhabi ajue kwamba dawa zenye kodeini au tramadol zinadhibitiwa vikali huko, na mbegu za khashkhash (mmea wa afyuni), hata za kupikia, ni marufuku. Mirungi isibebwe kwenda popote.

Mzigo

Soma kwenye tiketi yako: 1PC au 2PC ni idadi ya mabegi, kwa kawaida kilo 23 kila moja, 30K ni jumla ya kilo. Mwenye tiketi ya idadi ya mabegi hawezi kuhamisha uzito kiholela: begi moja la kilo 28 na jingine la 15 bado ni kosa, ingawa jumla haifiki 46. Hakuna begi moja linalopokelewa likizidi kilo 32. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Pima nyumbani kwa mizani ya kupimia watu: jipime peke yako, kisha ukiwa umelibeba begi, utoe. Acha nafasi ya kilo moja, mizani hazilingani.

Mzigo wa mkononi kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 7. Humo viwemo pasipoti, karatasi zote, dawa, fedha, simu, chaja, nguo za kubadilisha za siku moja na sweta. Vimiminika viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa: losheni iliyobaki robo kwenye chupa ya mililita 400 itatupwa.

Pawabenki haiendi begi la chini kamwe, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka kule hakuna wa kuizima. Mpaka ni saa-wati (Wh) 100. Zidisha mAh, namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye pawabenki, kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 mAh ni 74, inapita, ya 30,000 ni 111, inahitaji kibali cha shirika. Iliyofutika maandishi huchukuliwa, maana mkaguzi hana namna ya kujua.

Vya kumpelekea ndugu ndivyo vinavyoumiza watu forodhani. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa ya aina yoyote: samli, jibini na nyama kavu viache. Maembe na matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea. Yasiyodai ni matano: nanasi, nazi, ndizi, dorian na tende. Asali isizidi kilo 2. Majani ya chai, kahawa, unga na viungo vikavu vilivyofungwa vizuri havina tatizo. Mafuta ya nazi na achari viende begi la chini, kila chupa ndani ya mifuko miwili, katikati ya nguo. Makombe, matumbawe na gamba la kasa usibebe.

Fedha na simu

Shilingi yetu ni vigumu kubadilishwa Ulaya, hivyo badilisha Dar kwenye benki au duka lenye leseni na uhifadhi risiti. Ukibeba dola 10,000 au zaidi, au fedha nyingine ya thamani hiyo, tamka kwa forodha unapotoka. Ulaya mpaka wao ni euro 10,000. Iambie benki tarehe zako ili kadi isifungwe. Washa rominga ya laini yako kabla ya kuondoka hata kama hutapiga simu, kwa sababu namba za siri za benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo hiyo. Andika kwenye karatasi anwani na simu ya mwenyeji. Simu ikizima betri mbele ya afisa, karatasi itasema.

Siku ya safari

Fika saa tatu kabla. Dar, safari za kimataifa ziko Jengo la Tatu la Julius Nyerere. Kaunta nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa hakuna ombi linalosaidia. Bandua stika zote za zamani kwenye begi, mashine inaweza kusoma msimbo wa safari ya mwaka juzi.

Begi likifungwa utepe, usigeuke mara moja. Utepe una herufi tatu kubwa. Zinatakiwa ziwe za mji wa mwisho: FRA ikiwa Frankfurt, AMS ikiwa Amsterdam. Ukiona DOH au ADD, uliza hapo hapo kama begi linaishia njiani. Kipande kidogo wanachokupa kina namba ya begi. Kibandike nyuma ya pasi ya kupandia na ukipige picha, na begi lenyewe pia.

Usikubali kumbebea mtu usiyemfahamu hata bahasha. Utepe ukiwa na jina lako, kilichomo ni chako mbele ya sheria ya nchi yoyote.

Uwanja wa kati ni mwepesi: fuata alama za kuunganisha ndege, usifuate za kutokea. Angalia geti kwenye ubao, maana hubadilika, na geti hufungwa kama dakika 20 kabla.

Kufika

Utapita uhamiaji kwenye nchi ya kwanza ya Schengen utakayotua, hata kama unaendelea. Tangu Oktoba 2025 Schengen wameanza kusajili wageni kwa mfumo wa kielektroniki. Mwenye viza ameshatoa alama za vidole wakati wa kuomba, hivyo pale mpakani hupigwa picha ya uso. Siku zako sasa zinahesabiwa na kompyuta. Maswali ni mafupi: unakwenda kwa nani, siku ngapi, unarudi lini. Jibu kile kile ulichoandika kwenye ombi na uwe na bima, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi mkononi. Zikiwa begi la chini, hazipo.

Begi lisipotokea, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo iliyopotea na kile kipande cha namba, uandikiwe ripoti yenye namba ya ufuatiliaji. Waachie anwani ya mwenyeji. Tunza risiti za mswaki na nguo utakazolazimika kununua. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, madai ya maandishi ya begi lililoharibika hupelekwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya lililochelewa ndani ya siku 21. Wakati wa kurudi, hamishia ununuzi wako kwenye begi la kitambaa kabla ya kutua: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, ikiwemo ile ya maduka ya uwanja wa ndege.